Mpira Unaoruhusiwa Kutupwa

Jumamosi asubuhi Marlene Hruska alikuwa akimvua mwanawe shati. Colby alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa urefu alikwisha mpita baba yake, lakini mkono wake wa kulia ulikataa kupanda juu ya bega.

"Taratibu, Mama."

"Taratibu gani tena? Geuka nione."

Ubavu mzima ulikuwa umevilia damu. Mtoto alimlea mwenyewe kwa maziwa na uji wa shayiri, na sasa kila Jumamosi alikuwa akirudishiwa vipande.

Colby alikuwa mrushaji wa timu ya shule, hapo mjini kwao Nebraska. Katika futiboli ya Marekani, mrushaji ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila jaribio, yaani kila zamu ya kuusogeza mpira mbele. Kazi yake ni kutafuta mwenzake aliye mbele na kumrushia. Wapinzani nao kazi yao ni kumwangusha kabla hajarusha. Msimu ule walikuwa wanaifanya kazi hiyo vizuri mno.

"Sikiliza, mwanangu," Marlene akasema. "Ukiumia tena Ijumaa ijayo, basi. Mpira umekwisha. Sina moyo wa kuendelea kukuona hivi."

Colby aligeukia dirishani ili mama yake asione machozi. Mama yake aliyaona, na roho ikamwuma, lakini neno lake hakulirudisha.

Duane, baba mtu, aliingia na kikombe chake cha kahawa. Yeye pia aliwahi kuwa mrushaji wa shule hiyohiyo.

"Amevumilia lakini," akasema. "Hakuutupa mpira ovyo. Ndivyo nilivyomfundisha."

"Ulimfundisha nini? Kupondwa?"

"Sheria, mke wangu. Ukibanwa, huruhusiwi kuutupa mpira mahali pasipo na mtu ili usiangushwe. Ni faulo. Unaukumbatia, unaanguka nao."

Marlene akatoka nje kuvuna maboga. Boga halibishani na mtu.

Huko nje ndiko jirani yake, Jolene Sedlak, alikomkuta. Jolene alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, na siku za Ijumaa huvaa shati lake la mistari na kwenda kuchezesha mechi za shule katika miji mingine. Alimwona Marlene anang'oa maboga kwa hasira.

"Hayo maboga yamekukosea nini, jirani?"

Marlene akamweleza yote. Jolene akakunja uso.

"Kwani kocha hamwambii autupe?"

"Alimwambia. Mechi ya kwanza Colby akautupa, mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, alama ya faulo. Timu ikarudishwa nyuma, na jaribio likapotea. Baba yake akamwambia, si nilikuonya? Tangu siku hiyo kocha anapiga kelele, mtoto hasikii."

"Alikuwa amesimama wapi alipoutupa?"

"Nitajuaje, Mwalimu? Nilikuwa nimefumba macho."

Jolene akacheka. "Haya, waite wote wawili."

Walipofika, alikuwa amekwisha panga maboga matano kwa mstari kwenye majani.

"Hawa ni wazuiaji wenu, wale wanaokukinga," akasema.

"Wana nguvu kuliko wetu," Colby akasema.

"Simama nyuma yao. Wapinzani wanakuja, hakuna mwenzako aliye wazi. Uko hapo katikati. Ukiutupa mpira patupu, ni nini?"

"Faulo."

"Sawa. Hapo baba yako amesema kweli. Ukiwa hapo, urushe karibu na mwenzako anayeruhusiwa kudaka, hata asipoufikia. Wazuiaji hawahesabiki, wao hawaruhusiwi kudaka. Usipomwona mtu, lala nao. Sasa kimbia kulia, upite boga la mwisho. Endelea kidogo. Simama hapo. Hapo umetoka nje ya eneo la katikati. Hapo unaruhusiwa kuutupa."

"Hapana, Mwalimu," Duane akadakia. "Enzi zetu hiyo ilikuwa faulo popote ulipo."

"Enzi zenu ilikuwa hivyo, Duane. Sheria ya shule imebadilishwa miaka ya karibuni, ili kuwalinda watoto hawa."

Duane akakuna kichwa.

"Lakini kuna sharti," Jolene akaendelea. "Mpira lazima ufike kwenye mstari ule jaribio lilipoanzia, au uupite, hata kama utatoka nje ya uwanja. Ukiudondosha miguuni pako, kitambaa kitaruka. Na ukishauvuka mstari huo wewe mwenyewe, kurusha mbele hakuna tena."

"Naweza kurusha mbele mara mbili?"

"Mara moja tu kwa jaribio. Kurusha nyuma ni wakati wowote."

Colby alirudia mara nyingi, kulia na kushoto, akirusha kwa mkono ulio mzima. Duane alikaa kwenye ngazi, ameinama.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nikimwumiza," akasema polepole.

Colby akaacha kukimbia, akaja akakaa karibu naye. "Baba, kurusha kwenyewe nani alinifundisha?"

Marlene aliingia ndani kuipua maharage yake ya pilipili. Hakutaka wamwone akilia.

Ijumaa ilikuwa na baridi kali. Mechi ilikaribia kwisha, timu zikiwa sare. Colby alipewa mpira, akatazama mbele, hakuna aliye wazi. Akakimbia kulia. Majitu mawili yalimfuata. Marlene alimshika mumewe mkono akaukaza.

Duane akasimama. "Tupa, mwanangu. Tupa."

Mpira ukapaa juu ya benchi, ukaangukia nje, mbele ya mstari. Hakuna kitambaa kilichorushwa. Jamaa mmoja nyuma yao akanung'unika kwamba mtoto kaogopa.

"Kaogopa na yuko wima," Marlene akamjibu bila kugeuka. "Wewe keti."

Kwa kuwa Colby hakuangushwa, timu haikupoteza hata yadi moja. Walikuwa bado karibu na milingoti ya goli, na mpigaji wao akaupiga mpira kwa mguu, ukapita katikati yake. Pointi tatu, mechi ikaisha.

Colby aliwafuata wazazi wake akitembea kwa miguu yake mwenyewe, jasho likimtoka.

"Baba, uliuona ule niliomrushia mwenzangu wa nambari nane? Yadi thelathini."

"Niliuona," Duane akasema. "Lakini mimi nimeupenda ule ambao hakuna aliyeudaka."

Colby akamgeukia mama yake. Alitaka kuuliza jambo, akasita.

"Ijumaa ijayo utacheza," Marlene akasema, akamkumbatia kwa nguvu, na mtoto hakusema taratibu.