Udongo Laini Nyuma ya Jiko

Taa ya korido iliwaka wote wakiwa mezani wanakunywa chai. Ni taa ndogo nyekundu, ya kuchezea tu, lakini Mutabazi aliacha kutafuna. Taa ile haiwaki mpaka mtu akanyage mkeka wa korido, na watu wa nyumba hiyo, yeye, mkewe Dancille na binti yao Mutoni, walikuwa pale pale wakitazamana.

Mutabazi alikuwa amerudi Gisenyi kutoka Tabora baada ya vita, na alikuwa mwoga wala hakuona haya kusema. Miaka ile wavamizi walikuwa wakishuka kutoka milimani, nani angemcheka? Akamwita Evode, fundi redio, amfungie mtambo wa kulinda nyumba. Chini ya kila mkeka palikaa kibati chenye waya. Ukikanyaga, relei, swichi ndogo ya umeme kwenye sanduku la sebuleni, inalia tk, na taa yake inawaka. Mkeka mmoja uliwekwa mlango wa jiko, mwingine korido, wa mwisho mlango wa chumba cha Mutoni. Huo wa mwisho ndio uliomfanya atumie betri nzima ya gari. Mtoto wao wa kwanza walimzika Tabora, na huyu alikuwa ndiye pekee aliyebaki.

Siku moja baada ya taa ile kuwaka yenyewe, Evode aliitwa tena, akasafisha relei, akazibadilisha, mwishowe akachomoa nyaya zote za mikeka. Relei zikaendelea kulia.

"Mama," alimnong'oneza Dancille, "mashine ikiharibika, hiyo panne inakaaka pahali moja. Hii inatembea. Inaanza ku jiko, inakuja korido. Jana ilisimama pale. Leo imefika ku mulango ya mutoto."

"Usiseme kwa sauti, fundi. Atasikia."

"Nani? Mutoto?"

Dancille aligeuka kutazama korido. Tangu asubuhi korido ilikuwa ikinuka udongo mbichi, na alikuwa amefagia, amepiga deki, amefungua madirisha yote upande wa ziwa, na bado harufu ilimfuata mpaka chumbani kwa binti yake, ambako Mutoni, akichezea vifuniko vya soda, alimwambia bila kuinua kichwa kwamba kuna mwenzake amesimama mlangoni, anaona baridi, anaomba nafasi kitandani.

Mutabazi alikwenda mbio kumleta Mukabera, ajuza wa jirani anayejua kutoa mashetani. Ajuza hakulitazama hata sanduku. Alizunguka nyumba akinusa, akasimama nyuma ya jiko, mahali Evode alipochomeka chuma cha kupeleka umeme ardhini.

"Nani alipiga chuma hapa?"

"Ni mi, mukecuru. Kiwanja yote ni mawe ya volkano. Hapa tu udongo ilikuwa laini."

"Na haukujiuliza juu ya nini ni laini?"

Evode akainamisha kichwa. Miaka ile kila mtu wa Gisenyi alijua kwamba udongo laini katikati ya mawe umeshachimbwa na mtu. Walichimba pale. Walimkuta mtoto aliyekufa, amefungwa ndani ya mkeka uliooza, na chuma kilikuwa kimepita katikati yake. Dancille alilia waziwazi, kwa sababu urefu wake ulikuwa sawa na wa Mutoni.

Mukabera alimviringisha kwenye mkeka mpya, akasimama naye mlango wa jiko. "Nitamuita atoke mu nyumba. Mutu yeyote asiitike, mwenye kuitika ataenda naye. Mumesikia?"

Walisikia wote waliokuwa pale. Mutoni alikuwa chumbani amelala, na hakuna aliyemkumbuka.

"Mwana wanjye," ajuza aliita kwa upole kama anayeita mjukuu, "haguruka tugende." Mwanangu, inuka twende.

Kutoka chumbani sauti ndogo ikaitika: "Karame!"

Ndivyo alivyofunzwa. Mtoto mwenye adabu akiitwa na mkubwa hanyamazi. Dancille akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, na relei zikaanza kulia, kwanza ya mlango wa chumba, tk-tk, kisha ya korido, tk-tk, kisha ya mlango wa jiko, tk-tk, kila moja mara mbili, na upepo wenye harufu ya udongo ukawapita miguuni ukatoka nje. Kisha kimya.

"Inalia mara mbili," alisema Mutabazi.

"Inatetemeka tu, papa. Betri imechoka," Evode alijibu haraka mno.

Harufu ilikuwa imekwisha, na Dancille alipochungulia chumbani alimwona Mutoni amekaa kitandani. Mutabazi na Mukabera wakaenda kumzika yule mtoto makaburini. Evode alirudisha nyaya, akakanyaga mikeka yote. Tk, taa. Tk, taa. Mtambo ulikuwa mzima kabisa, na Dancille akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mutoni akatoka chumbani. Alipita juu ya mkeka wake, akasimama akitabasamu. Sanduku halikulia.

Evode akaenda kuukanyaga. Tk.

"Kanyaga tena, mutoto."

Mutoni akaruka juu yake kwa miguu miwili. Kimya.

"Ni panne, fundi?" Dancille aliuliza, akiomba Mungu iwe hivyo. "Niambie ni panne."

Evode alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Dancille akainama, akamnyanyua binti yake kwa nguvu ileile ya kila siku, na nusura aanguke chali, kwa sababu mikononi hapakuwa na uzito wowote.