Faili Lililokosa Muhuri

Wakili Patrobas Luseno alikutwa amekufa saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumanne, kaiinamia meza yake kama mwanafunzi aliyesinzia darasani. Chai yake, karani aliyemkuta aliapa, ilikuwa bado vuguvugu. Nyuma ya shingo palikuwa na tundu dogo la mviringo. Damu iliyotoka haikutosha hata kulowesha kola ya shati.

Inspekta Nzembi Mumo alisimama mlangoni kwanza bila kuingia. Macho kwanza, miguu baadaye, ndivyo alivyofanya kazi. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme kando ya Barabara ya Jogoo, mkabala na nyumba za reli za Makongeni. Watu wa mtaa walimwita marehemu "wakili wetu". Nusu yao walikuwa na kesi kwake, na wengi wa hao hawakuwahi kuona sura ya hakimu.

"Ni bisibisi, madam," alisema Konstebo Owino. "Majambazi wa mtaa. Wameingia, wakamdunga, wakahepa."

"Wakaacha simu na kompyuta mezani?"

Owino akageuka kuitazama meza.

"Si bisibisi," alisema daktari wa polisi, akivua glavu. "Ni kitu chembamba zaidi, chenye ncha kali. Kimeingia mara moja tu. Aliyemdunga alisimama nyuma yake, naye marehemu hakushtuka. Alimjua."

Karani, Bi. Khavere, alikuwa kwenye benchi ya wateja akilia kwa kwikwi. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na minane.

"Mlango ulivunjwa?"

"La, afande. Niliukuta wazi."

"Nani wana ufunguo?"

"Yeye, mimi na Vivian."

"Vivian gani?"

"Vivian Nabiswa. Mwanafunzi wa sheria chuo kikuu, mwaka wa nne. Anajifunza kazi hapa tangu mwezi wa tano. Leo aliomba ruhusa asome, ana mtihani." Khavere akafuta machozi. "Mtoto mzuri huyo. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu alipoomba nafasi ya sheria."

Nzembi aliingia chumba cha mafaili. Yalikuwa yamepangwa kwa miaka, mengine yamekula vumbi mpaka namba hazisomeki. Katika safu ya 2013 palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili. Ndani ya pengo ilisimama kadi ya manjano. Namba 47. Tarehe ya leo. Hapakuwa na jina wala sahihi.

"Hii ni nini?"

"Kadi ya kutolea faili. Ukitoa faili unaacha kadi mahali pake, lisije likapotea. Vivian ndiye aliyetuletea huo utaratibu. Mimi nasahau kila siku. Marehemu hakuwahi kuandika hata moja."

"Basi hii ya leo kaandika nani?"

Khavere aliigeuza kadi, akatafuta sahihi nyuma.

"Faili 47 ni la nani?"

Karani alifungua kitabu cha orodha. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama. "Mzee Bwire Nabiswa dhidi ya kiwanda. Mashine ilimkata vidole vitatu." Alilisoma jina tena. "Ni babake Vivian. Alitutoka Pasaka hii."

Nzembi aliigeukia rafu. Aliinua bunda moja nene la nyaraka lililoshonwa kwa uzi. Matundu yake yalikuwa madogo, ya mviringo.

"Mnatumia nini kuyatoboa?"

"Msharasi, afande, kama wa washona viatu. Vivian aliuleta. Ulikuwa wa babake. Kiwanda kilipomwacha alienda kushona viatu vya akala soko la Kariokor kwa vidole alivyobakiza."

"Uko wapi?"

Khavere alivuta droo. Uzi ulikuwepo, mkasi ulikuwepo. Msharasi haukuwepo.

Saa nane mchana Nzembi na Owino walibisha mlango Makongeni. Vivian alifungua mara moja. Alikuwa msichana mwembamba, macho makavu, vitabu vimetandazwa mezani. Ukutani ilitundikwa suti ya kijivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama.

"Mama yuko?"

"Bado yuko Bungoma tangu tumzike baba. Niko chini ya ulinzi, afande?"

"Bado."

"Basi silazimiki kujibu."

"Hulazimiki." Nzembi aliweka mfuko wa plastiki juu ya kitabu kilichofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kadi ya manjano. "Nilitaka tu uione."

Vivian aliitazama. Kisha likamtoka cheko fupi, la kujichukia mwenyewe.

"Ile suti ni ya nani?" aliuliza Nzembi.

"Ya baba."

"Mbona imelemea upande mmoja?"

"Msiiguse! Mna kibali?"

Nzembi akakitoa, kina sahihi ya hakimu ya saa sita. Owino alifungua vifungo vya suti. Faili lilikuwa limebanwa ndani ya bitana. Mfukoni mlikuwa na leso, na ndani ya leso msharasi.

"Asubuhi yote umekuwa nalo," alisema Nzembi. "Jiko lile pale. Mbona hukulichoma?"

"Hati halisi haichomwi," alijibu Vivian, kama aliyetukanwa.

"Una haki ya kunyamaza, binti. Una haki ya kuwa na wakili."

"Wakili?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Wakili tulikuwa naye, afande! Miaka kumi na moja!"

Akaketi. Maneno yake hayakutetemeka.

"Kila akipewa tarehe, baba alipiga hiyo suti pasi. Nikiwa likizo tulienda naye kortini, nimembebea chupa ya chai. Tunakaa kwenye benchi mpaka saa saba. Luseno anatoka na joho lake: 'Imeahirishwa, mzee. Subira huvuta heri.' Baba anamshukuru. Anamshukuru, afande! Na mimi namtazama nasema, nikikua nitakuwa kama huyu. Nilimpenda huyo mtu."

"Kisha?"

"Wiki jana nikatafuta faili, niiendeleze kesi kwa jina la marehemu baba. Hati ya madai nimeikuta imeandikwa vizuri, imetiwa sahihi. Haina muhuri wa korti. Haikuwahi kutoka kwenye ile rafu."

Owino aliacha kuandika.

"Aliyeumia kazini ana miaka mitatu ya kushtaki. Nilisoma hilo mwaka wa pili, nikapita vizuri sana. Kesi ya baba ilikufa nikiwa kidato cha kwanza. Miaka minane mzee alikuwa anapigia suti pasi aende kwenye kesi maiti."

"Ulimuuliza Luseno?"

"Leo, saa moja na robo. Huwa anawahi. Nilitoa faili, nikamwekea mbele. Unajua alinijibu nini? 'Nilisahau, Vivian. Tarehe ikapita, nikaona haya kumwambia mzee.' Alisahau! Halafu akaniambia, kama una uchungu nenda kanishtaki, ila wewe msomi unajua muda umepita. Akanipa mgongo akanywe chai."

"Kulikuwa na njia ya kulalamika."

"Ningeandika barua, wangempa muda wa kujibu. Muda, afande! Ndicho kitu alichokuwa nacho tele. Nilitaka apate tarehe moja isiyoahirishwa. Sijuti."

Nzembi alikuwa amekaa na wauaji wengi, na hasira yake daima ilijua pa kwenda. Leo ilimwendea maiti. Alijionea aibu kwa hilo, lakini haikumtoka.

"Ulikuwa umebakisha muhula mmoja," alisema.

"Nilisomea kesi moja tu."

Owino alimtia pingu. Mlangoni Vivian aligeuka. "Hilo faili mnalipeleka wapi?"

"Kortini. Ni kielelezo."

"Litapokelewa? Litapigwa muhuri?"

"Litapigwa muhuri na kupewa namba. Jaji atalisoma ukurasa kwa ukurasa."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Siku hiyo mwambieni mama aje na hiyo suti," alisema, akatangulia nje.

Garini Owino alifungua fomu ya vielelezo magotini mwake. "Namba moja naandika msharasi, madam?"

"Hapana," alisema Nzembi. "Namba moja andika faili la Mzee Nabiswa. Msharasi ufuate."