Aliyeitika Njia Panda

Haya yalimpata Kadzo wa Chome, jirani yetu wa Taru, mwaka uliofuata Uhuru.

Siku ilianza vyema. Kadzo aliamka Msambweni kwa mwenyeji wa babake, alikofika jana yake kwa basi, akanywa uji, kisha akaenda makaburini akachota ukufi wa mchanga mweupe juu ya kaburi la babake na kuufunga ndani ya kaniki. Babake alikuwa mkata miwa. Homa ilimuua huko huko pwani, akazikwa mbali na kwao. Tangu hapo Mbeyu, mdogo wake Kadzo, hakulala. Kila usiku alilia kwamba baba yuko nje na hauoni mlango. Chakula kilimshinda, akabaki mbavu tupu.

"Kamlete babako," nyanya alikuwa amemwambia Kadzo, "ama tutamzika na huyu."

Udongo wa marehemu haupandi gari. Huchukuliwa kwa miguu, na aliyeubeba hatazami nyuma. Kwenye kila mto na kila njia panda humwita marehemu kwa jina lake, amwambie: hapa twavuka, nifuate.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Kadzo alikuwa na miaka kumi na sita, ameachishwa shule darasa la sita, na msichana hatembei nyika peke yake. Mwenyeji akamkabidhi kwa Mulwa, Mkamba mchuuzi wa sindano na vioo aliyekuwa akielekea Taru. Mtu wa kanisa, na wa maneno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho kifundo ndicho babako?" Mulwa alikipima kwa macho. "Mwepesi hivyo? Basi hatatuchelewesha."

Kadzo alinuna.

"Usinune, binti. Mimi nikinyamaza naugua."

Njia ilikuwa nyembamba. Kadzo alitangulia, Mulwa akafuata na sanduku lake la bati kichwani, akiimba nyimbo za kanisani. Walipofika mto Mkurumudzi, Kadzo akafungua kinywa amwite marehemu. Jina halikutoka. Tangu azaliwe hajawahi kumtaja babake kwa jina; mtoto wa Kiduruma hafanyi hivyo, sembuse mbele ya mgeni mwenye mzaha. Aliona haya.

"Baba," alinong'ona, "hapa twavuka. Nifuate."

Alijiambia, baba ni baba, atajua.

Siku ya pili, mchana, walifika njia panda yenye lundo la vijiti juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, wenye majimaji. Aliyekufa kifo kibaya hazikwi nyumbani. Huzikwa njiani, na kila apitaye humtupia kijiti ili atulie. Kadzo alitupa chake. Kisha, kwa haraka, maana jua lilikuwa kali na Mulwa alikuwa amemkaribia, akasema, "Baba, hapa twapita. Nifuate, twende nyumbani."

Upepo haukuwapo. Vijiti vikaporomoka.

Nyuma yake, wimbo wa Mulwa ulikatika katikati ya neno.

Walitembea. Mulwa hakusema kitu. Jua lilianza kushuka.

"Kadzo."

"Naam, mjomba."

"Usigeuke."

"Sigeuki."

"Babako alikuwa mrefu?"

"La. Mfupi. Watu wakimcheka."

"Basi huyu aliye kati yetu si yeye."

Miguu ya Kadzo iliendelea yenyewe. Alihisi pumzi utosini. Ilikuwa baridi. Ilitoka juu, juu sana.

"Mwite babako," Mulwa alinong'ona. "Kwa jina, mtoto wewe!"

"Chome!" Haya zilikuwa zimemwisha. "Chome wa Tembo! Nifuate!"

Mbali nyuma yao, mtu akakohoa. Kadzo alikijua kikohozi kile. Machozi yalimtoka.

"Huyo ndiye," alisema.

"Na huyu mwingine? Mwambie arudi!"

"Nimrudishe kwa jina gani, mjomba?"

Pumzi haikuondoka.

Walilala Kinango kwa wasamaria. Mulwa alikesha ameegemea ukuta. Kesho yake hakuimba, na walipofika Taru alisimama mbali na boma.

"Karibu hata maji, mjomba."

"Asante, binti. Pale siingii naye."

Akaondoka mbio, sanduku likigongagonga.

Nyanya aliuzika udongo kando ya nyumba, akaweka kituta kidogo, akamwaga maji ya unga.

"Ulimwita kila mahali?"

"Nilimwita," alijibu Kadzo. Hakusema alimwitaje.

Usiku ule Mbeyu alilala fofofo. Asubuhi alidai uji, akaumaliza, akadai mwingine. Mama alipiga kigelegele hadi sauti ikamkauka.

"Baba ameuona mlango," Mbeyu alisema akilamba kidole. "Lakini mwenzake haenei. Amelala nje."

Kadzo akatoka.

Nyanya alikuwa amepiga magoti karibu na kituta cha mwanawe. Ubavuni mwa kituta hicho palikuwa na tuta jingine, refu kuliko mtu yeyote wa Taru. Lilikuwa la udongo mweusi wa mfinyanzi, nasi kwetu ardhi ni nyekundu.

"Umetuletea nani?" nyanya alinong'ona, bila kuinua macho. "Nipe jina lake, nimsihi arudi kwao."

Kadzo aliokota kijiti, akakitupa juu ya tuta.

Mbeyu alipona, akanenepa. Na lile tuta jeusi lingalipo. Hata kiangazi, ng'ombe wakifa kwa kiu, ukiligusa lina majimaji.