Kamera Iliyofunguka kwa Kila Mtu

Nereah alikuwa akipika uji wa watoto anaowalea kwa malipo chumbani kwake mlango ulipogongwa. Nje alisimama msichana asiyemjua, mkoba wa vifaa begani.

"Kama ni sabuni unauza, tunayo," Nereah alisema.

"Siuzi kitu, auntie. Naitwa Wangoi, natoka Kawangware. Nafunga kamera kwa duka la hapo mbele ya ploti." Akashusha sauti. "Tafadhali, mwambie huyo mama anayenyonyesha ajifunike."

Nereah akaduwaa. Audrey, mmoja wa akina mama wa watoto, alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mgeni huyu amemwonaje?

Wangoi akageuza simu. Kwenye kioo kulikuwa na mkeka, watoto wamelala, na Audrey, kifua wazi, akimnyonyesha mwanawe Ryan.

"Yawa!" Nereah akapiga kelele.

Audrey alitoka mbio, akaiona ile picha.

"Kamera uliweka ili tukuamini, Nereah. Kumbe tunatazamwa?"

"Sikujua, wallahi."

"Basi niahidi. Kila mama anayeleta mtoto hapa, umwambie. Leo."

"Nitawaambia."

Audrey akambeba Ryan, akaenda zake.

Nereah aliketi chini. Wangoi akachuchumaa karibu naye.

"Ploti nzima inatumia waifai moja, sivyo?"

"Ndiyo. Landilodi alituwekea."

"Nilipotafuta kamera yangu kwa mtandao huo, yako ikatokea. Nikadhani ni yangu. Nikaandika neno la siri la kiwandani, lile kamera inalokuja nalo, ikafunguka. Nilipoona watoto mkekani, nikauliza ni nani hapa analea watoto. Neno hilo watu wengi wanalijua."

"Lakini fundi aliniambia kazi imeisha!"

"Aliona picha imetokea, akatosheka. Neno la siri hakulibadilisha, mlango akauacha wazi."

Nereah alikuwa na kompyuta kuukuu pale mezani. Wangoi aliitoa kamera kwenye waifai ya ploti. Kutoka mkobani alichukua kisanduku kidogo cha mtandao. Akaunganisha kamera kwenye kisanduku kwa waya, na kompyuta kwa waya mwingine. Kisanduku hicho kingetumiwa na Nereah peke yake, si ploti nzima. Kisha akafungua ukurasa wa kamera kwenye kompyuta.

"Andika neno jipya la siri. Liwe refu. Lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Mimi nageuka nisione."

Nereah alichapa kwa kidole kimoja, polepole. Wangoi akazima njia ya kutazama kutoka nje. Akaielekeza kamera mlangoni, mbali na mkeka. Mwishowe akatafuta tena kwa simu yake, kwenye waifai ya ploti. Kamera haikuonekana.

"Na waliokwisha kuona?" Nereah aliuliza.

"Hao siwezi kuwajua, auntie. Wala siwezi kuwanyang'anya walichoona."

Jioni akina mama walikuja. Nereah alimwambia kila mmoja, akamwonyesha na jinsi kamera ilivyorekebishwa. Mama Kimanzi alimtukana, akakunja blanketi la mwanawe, akasema hatarudi. Mwingine alilia tu, akaondoka na mtoto bila kuaga. Chumba kikazidi kuwa kitupu.

Wa mwisho alikuwa Eddah, mama Kevin. Alichelewa kutoka kibaruani, hakuwa amekutana na yeyote njiani. Alimchukua mtoto wake akitabasamu.

"Asante, auntie. Wewe ndiye unayenifanya nifanye kazi bila wasiwasi. Kesho nitamleta mapema."

Nereah alitamani kulishika neno hilo, kesho, na kunyamaza. Akavuta kiti.

"Keti kwanza, mama Kevin," alisema. "Kuna jambo kuhusu ile kamera."