Unga Usiopenda Hewa

Ijumaa, saa 4:10 asubuhi.

Hashil aliweka simu mezani, kwenye chumba cha nyuma cha duka lake Mtoni. Pichani Salumu, kaka yake Khalfani, alikaa chini kwenye karakana ya Nawaf kule Pugu. Amefungwa mikono.

"Mzigo ukifika mzima, braza'ako anatoka," Hashil alisema. "Ukifika na polisi, mnazikwa wawili."

Khalfani aliitazama picha. Miaka mitatu alifanya kazi kwenye kiwanda cha dizeli walichopanga kukiibia, Chang'ombe. Anaujua unga ule mweupe, oksidi za metali. Unautia kwenye mafuta machakavu ya chipsi pamoja na methanoli, unapasha moto, yanageuka dizeli. Unga wenyewe haupungui. Unachujwa, unarudi kazini. Nawaf, mnunuzi wa mzigo, alikuwa na mafuta tele. Unga ndio hakuwa nao.

"Ndoo mbili," Khalfani alisema. "Mifuniko haiguswi. Ukipata hewa, unakufa."

"Kwani samaki?" Brightson, dereva, alicheka.

Saa 6:50 mchana.

Chang'ombe, kiwandani. Walinzi walikwenda kuswali. Alibaki mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si ulifukuzwa wewe?"

Brightson alimwonyesha bastola. Wakamfunga. Dakika sita, ndoo zikawa garini.

Saa 7:25.

Mtoni, kubadili gari. Hashil alimtuma Khalfani nje akalinde njia. Alisimama juani saa nzima. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Saa 9:40.

Pugu. Nawaf alichanganya mafuta, methanoli na unga kwenye chupa, akapasha moto, akakoroga. Kazi ikikubali, gliserini, yale majimaji mazito, inashuka chini, dizeli inakaa juu.

Saa 12:05 jioni, hakuna kilichoshuka.

"Mmeniletea chokaa," Nawaf alisema.

Khalfani aliangalia mikono ya Brightson. Vidole vimebabuka kwa unga.

"Mmefungua."

"Bosi ndiye alisema." Brightson hakumtazama. "Tuliumwaga kwenye turubai. Tulitafuta treka, kidude cha polisi cha kufuatilia mzigo. Hatukukuamini, mwanangu."

Khalfani alimgeukia Nawaf. "Haujaharibika, kaka. Unataka kuchomwa tu. Tanuru la nyuzi mia nane, unafufuka."

"Tanuru liko wapi?"

Liko Chang'ombe. Saa hizi pamejaa polisi. "Kiwandani," Khalfani alisema.

Nawaf alimtazama Hashil. Hashil alijifuta jasho.

"Mtu wa unga ni huyu. Mie dalali tu."

Nawaf akatoka uani, kwenye stoo alikofungiwa Salumu. Khalfani aliruka amfuate. Brightson alimkumba, akamlaza sakafuni, akamkalia mgongoni.

"Tulia, mwanangu. Tulia tu."

"Niachie! Salumu! Salumu!"

Risasi moja.

Hashil alishatoka mbio. Gari likawaka. Brightson alisikia, akamwachia Khalfani, akalikimbilia akiita jina la bosi wake. Halikusimama.

Nawaf alirudi, akafunga mlango kwa komeo. Akavuta kiti, akakaa, akaweka bastola pajani.

"Haya," alisema. "Hilo tanuru linajengwaje?"