Nani Amembeba Nuhu?

Kidawa ana mdogo wake. Anaitwa Nuhu. Nuhu hana hata jino moja, lakini anacheka kuliko wote nyumbani.

Leo ni Jumapili. Wote wanapanda mlimani kuona maporomoko ya maji. Mama, Baba, Shangazi Mwanjaa, Kidawa na Nuhu.

Mama ana doti mpya ya kanga. Kanga mbili nyekundu, zimefanana kama mapacha. Moja amembebea Nuhu mgongoni. Nyingine ni ya kukalia kwenye majani.

"Kidawa," anasema Mama, "mimi sina macho kisogoni. Tembea nyuma yangu, umwangalie mdogo wako."

"Sawa, Mama!"

Chapa, chapa, chapa. Kidawa anatembea nyuma. Anapapasa kanga nyekundu, taratibu.

*Nuhu, Nuhu, nipo.*
*Nyuma yako nipo.*

Njiani wanapumzika. Mama anamlaza Nuhu kivulini, juu ya kanga yake. Halafu anakwenda kijitoni kuosha vikombe.

Kidawa anachuma maua ya njano. Ua moja la Mama. Ua moja la Shangazi. Ua moja la kumtekenya Nuhu puani.

Anageuka. Loo! Kivulini hakuna mtu. Shangazi Mwanjaa ameshaanza kupanda. Mgongoni kwake kuna kanga nyekundu. Imevimba, duara!

"Nisubirini!" Kidawa anakimbia. Chapachapachapa!

Njia ni kali. Shangazi anahema. Haa! Huu! Haa! Huu! Hasikii kitu.

Kidawa anapapasa kanga nyekundu.

*Nuhu, Nuhu, nipo.*
*Nyuma yako nipo.*

Anagonga kidogo kwa kidole. Ko, ko, ko.

Mh! Mbona Nuhu amekuwa mgumu hivi?

Shwaaaa! Wamefika. Maji yanaanguka kutoka juu, meupe kama maziwa.

"Uuuf!" anasema Shangazi. "Mzigo wenyewe mzito!" Anafungua fundo, polepole. Kidawa anachungulia.

Ni tikiti maji!

"Shangazi! Nuhu yuko wapi?"

"Nuhu? Mimi nimebeba tikiti, mwanangu. Njia inateleza, nilitaka mikono yangu yote miwili iwe huru. Nuhu yuko kwa mama yake."

Mama huyo anakuja. Kichwani ana kapu la vyombo. Mgongoni hana kitu.

"Mama! Nuhu yuko wapi?"

Mama anasimama. "Si yuko kwa shangazi yako? Nimerudi kivulini, hayupo. Nikaona kanga mgongoni kwako, wifi!"

"Wifi, hili ni tikiti!"

Mama anashusha kapu. Puu!

"Labda yuko na Baba," anasema Kidawa kwa sauti ndogo.

"Baba yako hajui hata kufunga mbeleko!" anasema Mama. Na tayari anakimbia.

Mama mbele. Shangazi nyuma yake. Kidawa anawafuata, maua yanadondoka. Machozi yanakuja, lakini anaita kwa nguvu.

*Nuhu, Nuhu, nipo!*
*Ninakuja, nipo!*

Kule chini, kwenye kona, majani yanatikisika. Kacha. Kacha. Kacha.

Anatokea mtu. Ameinama kama anatafuta sindano. Kanga nyekundu imemzunguka kifuani, tumboni, begani. Mafundo kila mahali!

Ni Baba! Na mgongoni kwake, shavu limelala kando ya shingo, mdomo wazi...

"NUHU!"

"Shhh!" anasema Baba. "Ndiyo kwanza amelala."

Mama anaketi palepale njiani. Anashusha pumzi ndefu, ndefu, ndefu. Haaaaa.

"Alilia," anasema Baba. "Nikampeleka kutazama ndege. Kurudi, hamna mtu! Nikajua leo zamu yangu."

"Kaka, mbona umejifunga kama mzigo wa kuni?" anauliza Shangazi.

"Amelala, au hajalala?" anajibu Baba.

Mama anacheka mpaka anafuta macho kwa kiganja.

Kidawa anakwenda nyuma ya Baba. Anapapasa kanga nyekundu. Laini. Ya moto. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka.

*Nuhu, Nuhu, nipo.*
*Nyuma yako nipo.*

Wanapanda tena, wote pamoja. Shwaaaa! Tikiti linapasuliwa. Ni tamu sana! Nuhu anaamka, anachovya mguu majini. Anacheka kwa ufizi wake wote.

Jua linapozama wako nyumbani. Nuhu amesinzia kitandani kwa Kidawa. Mama anataka kumhamisha.

"Mwache alale na mimi, Mama," anasema Kidawa.

"Atakupiga mateke."

"Anipige tu."

Mama anawafunika wote wawili. Anapunguza taa.

Teke! la ubavu.

Teke! la tumbo.

"Yupo," anasema Kidawa, akicheka ndani ya shuka. Na usingizi unamchukua.