Nafasi Moja ya Penunggu

Barua ya maombi ya kazi ilikuwa na tope. Si tope la kuchafuka njiani. Lilikaa pembezoni mwa karatasi, jembamba na lililonyooka, kana kwamba mtu kalipiga kwa rula. Bu Ratri aliinusa. Udongo wa kaburi uliomwagiwa maji, na maua ya kamboja, yale yanayopandwa makaburini.

"Pak Darsono, hii imepitia wapi?"

"Nimeikuta chini ya mlango wangu," akasema mkuu wa ajira. "Ndiye mwombaji pekee, Bu. Wengine wote wamekimbilia Jakarta. Tushukuru."

Kampuni yao pale Semarang ilitunza mifumo ya kompyuta ya hospitali saba. Bu Ratri, mkuu wa mitambo, alihitaji mhandisi wa kuratibu upimaji wa uimara: mtu wa kuzima kitu makusudi, seva hii leo, waya ule kesho, aone kama vilivyobaki vitabeba mzigo. Jaribio hufaulu pale mtumiaji asipogundua kwamba kuna kilichotoweka.

Tangazo liliandikwa Oktoba, mwezi wa lugha ya taifa, ambapo mkurugenzi hupiga marufuku maneno ya Kiingereza mpaka mwezi uishe au ari imwishe. Pak Darsono akatafuta neno safi la mtu anayekesha akilinda mfumo, akapata "penunggu": mngojaji, mlinzi. Kamusi ilimuunga mkono. Ila bibi yeyote wa Kijava angemwambia kwamba penunggu ni pia yule asiyeonekana, mwenye mahali, anayekaa mtini, kisimani, au katika jengo kuukuu la Waholanzi kama lile lao. Bahati mbaya, idara ya ajira haikuwa na bibi.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Uzoefu: tangu kabla ya jengo. Anwani: hapa hapa, upande wa kisima.

"Hatumlipi hata nauli!" Pak Darsono alichekelea, akabandika stempu ya serikali kwenye mkataba. Usaili aliuruka, kanuni zinaruhusu hivyo kwa mwombaji wa pekee. Bu Ratri akasaini.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyemwona mhandisi mpya, lakini kiti chake kilikuwa kibichi kila asubuhi, na mezani palikuwa na ripoti yenye ukingo wa tope. *Seva ya nne imezimwa. Mfumo umeendelea. Hakuna aliyegundua.* Mkurugenzi alimsifu kikaoni na kuwataka wengine waige.

Wiki ya sita ripoti ilisema: *Mlinzi wa getini, sauti. Geti limeendelea.* Pak Sarmin alifungua kinywa kuwasalimu, hakikutoka kitu. Aliendelea kufungua geti huku machozi yakimtiririka.

Kesho yake: *Yanti, jicho la kushoto. La kulia limebeba mzigo.*

"Bu," Yanti, msaidizi wake, alinong'ona chooni, kiganja usoni, "limezimika tu. Kama taa. Halafu nikasikia mtu anaandika."

Kisha ikaja: *Ghorofa ya pili, mtu mmoja. Hakuna aliyegundua.*

Walihesabiana mara tatu. Wote walikuwapo. Ila dirishani palikuwa na meza ambayo hakuna aliyejua ni ya nani, juu yake kikombe cha kahawa bado kinatoa moshi, na picha ya harusi ambamo bibi harusi alimshika mkono bwana ambaye wote waliapa hawajapata kumwona maishani.

"Labda fundi wa nje," alisema Pak Darsono.

"Fundi wa nje analeta picha ya harusi yake, Pak?"

Jumatano ikatoka ratiba. *Alhamisi, saa nane mchana. Nyumbani kwa Bu Ratri. Mtoto mmoja.*

Bu Ratri alikuwa na mabinti watatu: Sekar, Lintang, na Kenes wa miaka mitano, ambaye alikuwa akilala na kiatu kimoja kwa sababu hakuamini kwamba asubuhi kingekuwapo.

Alhamisi asubuhi akamleta ofisini Kiai Mukhlas, shehe wa mtaani. Mzee alisimama mbele ya kiti kibichi, akasoma Ayatul Kursi mpaka jasho likalowesha kofia, kisha akageuka.

"Hatoki. Anasema ameajiriwa."

"Nani kamwajiri?"

"Ninyi. Mmemwita kwa cheo chake, mkambandikia stempu. Mwenye kualika ndiye mwenye kufukuza. Mwandikieni."

Pak Darsono akakohoa. "Kiai, samahani. Kumfukuza mtu lazima barua tatu za onyo. Na ya kwanza lazima itaje kosa. Huyu hana kosa. Tathmini yake ndiyo bora kabisa."

"Pak Dar!" Bu Ratri alimkamata kola. "Mwanangu, Pak! Saa nane! Andika amekuja kazini na viatu vichafu, andika hajavaa batiki Ijumaa, andika lolote!"

Akaandika. Onyo la kwanza likaenda kwenye kiti, karatasi ikalowa. La pili likalowa. La tatu likakwama kwa mkurugenzi, aliyetaka kujua kwa nini nakala hazijaambatishwa, na Bu Ratri akapanda ngazi na kushuka na kupanda tena huku harufu ya kamboja ikimfuata mgongoni, huku nyuma ya kila mlango kalamu ikikwaruza taratibu kama ya mtu asiye na haraka kwa sababu ratiba ni yake, na saa ya ukutani ilipoanza kugonga ya nane ndipo alipolibwaga onyo la tatu pamoja na barua ya kufukuza kwenye kiti kile, na kiti kikakauka.

Harufu ikatoweka. Kiai akasema alhamdulillahi. Yanti akalia kwa macho yote mawili, maana yote mawili yalikuwa yanaona, na kule getini Pak Sarmin akasikika akimtukana dereva. Ile meza ya dirishani hakuna aliyeiulizia.

Bu Ratri alikwenda nyumbani mbio. Mabinti wake wote wawili walimkimbilia mlangoni, wazima, wanagombania ndizi za kukaanga. Aliwakumbatia mpaka wakalalamika.

Jumatatu alipeleka kadi ya familia ofisi ya mtaa, kwa ajili ya fomu ya shule ya Lintang. Karani akaisoma, akatazama mtambo wake, akaisoma tena.

"Hapa pana watoto watatu, Bu."

"Wawili."

"Kwenye kadi watatu. Kwenye mtambo wawili." Akatabasamu kwa huruma ya kiofisi. "Kosa la uchapaji, hutokea sana. Saini hapa, tuufute mstari huu, kadi mpya unaipata leo leo."

Alipokea kalamu. Mkono ukakataa kushuka.

"Nisomee jina."

"Kenes."

Lilipita masikioni kama jina la mtoto wa jirani. Hakuna uso uliokuja nalo.

"Tena."

"Kenes, Bu. Kuna watu nyuma yako."

"Nimewaona," alisema Bu Ratri, akavuta kiti, akakaa. "Soma tena."